Kamati ya Kwenda Kupumzika Unguja

Kwa ukoo wa mume wangu, safari ina sababu tatu tu: msiba, harusi au mgonjwa. Ukisafiri bila mojawapo ya hizo, basi kuna kitu unakikimbia. Nilikuwa nalijua hilo tangu naolewa, na bado nikafanya kosa la kutamka mbele ya watu kwamba mimi na mume wangu tunakwenda Unguja kupumzika.

Tunaishi Bunju, mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Mama mkwe alikuja kutoka Njombe kutibiwa goti. Goti likapona, yeye akabaki. Simlaumu, ni mama mwenye upendo mwingi, ila upendo wake una sauti, na nyumba yetu haina dari. Ulipokwisha ujenzi tulisema dari tutaweka baadaye, na baadaye yenyewe haijafika. Kwa hiyo neno lolote mtakalosema chumbani linapanda juu, linatambaa kwenye mbao chini ya bati na kushukia sebuleni, alipokaa mama. Naye akilisikia hawezi kuliacha hivihivi. Kuna Jumamosi nilimwambia mume wangu taratibu, kwa mahaba kabisa, kwamba siku hizi amenenepa. Sauti ikatoka sebuleni: "Kwetu wote ndivyo tulivyo!"

Basi ndiyo maana nilikitaka kisiwa. Wala si kwa sababu ya samaki au mchanga mweupe. Nilitaka kuongea na mume wangu maneno mawili bila mtu wa tatu kuchangia. Hata fungate yetu tuliila na wageni wa harusi waliokosa basi la kurudi Njombe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, likizo ya Juni ilikuwa inakaribia, na kwenye simu nilikuwa nimeona picha ya hoteli ndogo ya pwani yenye viti viwili vimeelekezwa baharini. Niliiangalia picha ile mpaka watoto wakauliza kama nataka kununua viti. Nilimwonyesha mume wangu. Akatabasamu, akasema twende. Tukakubaliana iwe siri.

Siri niliitoa mwenyewe, dukani. Pale kwenye kona yetu kuna duka la mzee mmoja wa Kiarabu, ambaye ukoo wao umeuza unga na mafuta Dar hii tangu enzi za babu yake. Nilikwenda kununua dawa ya mbu, nikaomba ile chupa ndogo inayofaa kwa safari.

"Safari ya wapi, mwalimu?"

"Unguja."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Tunakwenda kupumzika na mwenzangu."

Akaiweka chupa chini. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Alhamdulillahi. Sasa mtafikia kwa nani?"

"Hotelini."

Hapo nilimkosea kweli. "Hotelini! Mie nina dada yangu wa tumbo moja kulekule Unguja, vyumba vimekaa vitupu, halafu jirani yangu akalale hotelini kama mtu asiye na watu? Watanisemaje mie?" Alikuwa ameshapiga simu. Kabla sijapewa chupa yangu nikajikuta naongea na dada yake, bibi mwenye sauti ya furaha, ananiuliza tupo wangapi na kama tunakula pweza.

Nikapitia kwa muuza mchicha. Kumbe nyuma yangu mama mkwe alikwenda dukani kufuata sukari. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa sebuleni na wifi yangu, ambaye anakaa mtaa wa pili na huwa hachelewi kuitwa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, anachunguza viatu vyake.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Kuna nini kati yenu?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mnagombana?"

"Tunapatana vizuri tu."

"Sasa kama mnapatana, huko kisiwani mnakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa!" Akamgeukia wifi. "Viti vya humu ndani vimefanya nini?"

Nikamtazama mume wangu aniokoe. Aliendelea na viatu vyake. Mama akawaza kidogo, kisha uso wake ukafunguka. "Kama ni kutembea tu, basi si tutembee wote? Mimi tangu nizaliwe sijakanyaga kisiwa."

"Na mie nipo!" akasema wifi.

Hapa kwetu, watu wa nyumba mbili wakiwa na jambo moja, lazima kiundwe kikao. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ikazaliwa kamati. Mama mkwe akawa mwenyekiti, kwa sababu kwao aliwahi kuongoza kwaya. Wifi akawa katibu. Mimi mwenye wazo langu nikawa mjumbe. Kikao kilifunguliwa kwa sala, kikaingia moja kwa moja kwenye suala la sare. Kitenge cha rangi ya machungwa kikapita bila kupingwa. Nikauliza kama ni sare za kuogelea. Nikajibiwa kwamba hakuna atakayeogelea.

Ikaja zawadi ya mwenyeji, yule dada wa mwenye duka. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, kwa hiyo ikaamuliwa tubebe gunia la viazi vya Njombe na jogoo aliye hai. Nikasema Unguja kuna kuku. Mwenyekiti akasema huyu wanamjua. Mimi nilipewa nafasi kwenye mengineyo. Nikaomba, kwa heshima zote, tupate walau mahali pa kukaa wawili tukaangalia bahari.

"Kule tutakaa mkekani," mama akasema. "Wote."

Mume wangu akaipigia simu hoteli kuwaambia hatuendi tena. Leo nacheka, lakini siku ile niliumia sana. Niliingia bafuni nikafungulia maji kwa nguvu ndipo nikalia, maana bafuni nako hakuna dari.

Kikao cha mwisho kikafikia swali ambalo wote walikuwa wanalikwepa: nani atabaki na nyumba? Huku kwetu nyumba haiachwi peke yake, kuna kuku, na kuna vijana wanaopenda mabomba ya watu. Mwenyekiti alitazama juu, wifi alitazama juu, wote wanachunguza mbao. Ndipo mume wangu, ambaye tangu kamati iundwe hajawahi kuchangia hoja hata moja, akanyoosha mkono.

"Sie tutabaki. Mie na mwenzangu."

Wajumbe wakapiga makofi. Ningeweza kumng'ata. Safari yangu, wazo langu, na yeye anaigawa kama pipi! Nafasi zetu wakapewa rafiki mmoja wa mama, mwanakwaya wa hapa kanisani, na binti yake, na sare yangu ikamkaa yule rafiki vizuri kuliko mimi, jambo lililoniongezea hasira. Kuanzia siku hiyo nilimpikia mume wangu kama kawaida, lakini sikumsemesha.

Siku ya safari tukawasindikiza bandarini, wamevaa machungwa matupu, jogoo anawika ndani ya kapu. Watoto wangu walinipungia mkono bila huzuni yoyote. Boti ikaondoka. Tukarudi Bunju, nami nikaenda moja kwa moja kwenye vyombo, nikavisugua kwa fujo ili mtu ajue.

"Njoo uani," mume wangu akaniita.

Sikwenda. Akaita tena. Nikaenda, mikono ikiwa na povu, maneno yangu nimeshayapanga. Nikamkuta amevaa shati la maua makubwa ambalo sijawahi kuliona. Amepanga viti viwili vya plastiki vikitazama ukuta wa jirani ambao haujamalizika kujengwa. Kando kuna madafu mawili. Mbele ya kila kiti kuna beseni la maji.

"Weka miguu," akasema. "Chumvi nimetia."

Nikakaa. Maneno niliyoyapanga sikuyaona tena. "Kwa hiyo ulipanga?"

"Mama yangu namjua. Ukimficha safari, anakuja. Ukimwachia aendeshe, anakwenda." Shati, akaniambia, alilinunua siku ileile niliyomwonyesha picha ya viti.

Tuliongea mchana kutwa. Tuliongea mambo ya miaka, mengine ya kijinga kabisa, na ukuta wa jirani ukaanza kunipendeza. Jioni simu ikaita. Alikuwa mama, nyuma yake kuna vicheko na ngoma.

"Mwanangu, hatutarudi upesi. Mwenyeji ametuzuia, kuna harusi hapa jirani na sare zetu zimewapendeza. Mtaweza kweli, peke yenu?"

Nikamtazama mume wangu, miguu ndani ya beseni, amesinzia na dafu mkononi.

"Tutajitahidi, mama."

Nikakata simu. Kisha nikamwamsha mume wangu nikamwambia, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba amenenepa. Tukanyamaza wote wawili, tukasikiliza.

Hakuna aliyejibu.