Tulipomaliza Vitabu vya Majoka

Vitabu vyote vya utoto wangu vilinuka dagaa. Muuzaji wa vitabu vya mitumba pale Musoma alitandaza magunia yake jirani na wanawake waliokuwa wakianika dagaa, na jua lilipochoma, harufu ilizama kwenye karatasi isitoke tena. Nilikuwa darasa la tano. Mimi na Wakuru, binti wa mama mdogo, tulikuwa tumemaliza vile ambavyo kila mtoto shuleni aliving'ang'ania: vya majoka yatemayo moto, vya watoto warukao angani. Wakuru alikuwa ameletwa kwetu kutoka Butiama baada ya mama yake kuzikwa, na nyumbani hakuna aliyemtaja marehemu. Watu wazima waliamini kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyosahau.

"Nataka kingine, ambacho wenzangu hawakijui," Wakuru alimwambia muuzaji. Muuzaji akachomoa kitabu kisicho na jalada. Kilisimulia ufalme ulio chini ya ziwa, wanakoishi waliokufa, wakipika na kusukana nywele kama sisi, na mlango wake hufunguka siku maji yanapotulia bila hata kiwimbi. Mimi nilikisoma mara moja nikatamani kingine. Wakuru hakukiachia. Alianza kutazama ziwa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Akapunguza kula, akapunguza maneno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliujua mshindo wenyewe, maana aliniambia: "Siku likitulia naenda kumuona mama. Ukisema, wewe si ndugu yangu." Nikaapa. Kwa siku nane upepo ulivuma, na kila siku niliushukuru kimoyomoyo.

Siku ya tisa nilirudi kutoka shule mchana nikakuta majani ya mpapai hayatikisiki. Ziwa lilikuwa limelala, linang'aa kama bati jipya. Kitabu kilikuwa wazi kitandani, Wakuru hayupo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamkimbilia mama nikilia, nikamwambia yote. Mama alitupa ungo, akatoka mbio peku. Tulimkuta maji yakimfika kifuani, anasonga mbele taratibu, uso umetulia kabisa. Mama aliingia na khanga zake, akamkumbatia kwa nyuma. Wakuru alirusha mateke huku akinikazia macho mimi niliyesimama ufukweni. "Umesema!" alilia. "Umesema!" Ilipita miezi mingi kabla hajanisemesha tena.

Wakuru sasa ni mwalimu Bunda, anaishi mtaa wa Nyasura, na wanafunzi waliomaliza vitabu mashuhuri humfuata awatafutie vingine. Juzi nilimwambia kwamba binti yangu naye amevimaliza, ila naogopa kumchagulia.

"Unakiogopaga kitabu bure, dada," alisema. "Kile kilikuwa kinaniongelesha habari za mama. Nyinyi wote mlikuwaga mmenyamaza."

Siku hizi hadithi mpya humfikia binti yangu kwenye simu, nami sizijui hata kwa majina. Tangu tumzike bibi yake, aliyempenda kuliko sisi sote, hushinda amejifungia chumbani, na mimi, kwa kumhurumia, sijamtaja marehemu hata mara moja. Jana mchana nilisimama nje ya mlango wake nikisikiliza. Hakukuwa na sauti yoyote. Nikabisha hodi.