Mtunza uwanja aliyeulizwa Nimpaye ni wa nchi gani

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya migomba, na Speciosa amekwisha kupigilia vigingi vinne. Anafunga uzi wa katani kwenye kigingi cha kwanza, anautembeza hadi cha pili, anauvuta mpaka unakaza. Kisha anachukua kopo lililotobolewa tundu moja, analijaza majivu ya jikoni, na kuanza kurudi kinyumenyume huku ameinama. Chokaa ya chuo iliisha tangu Juni.

"Mpira wa pete hautaki ubabaishaji," anasema bila kuinua kichwa. "Mstari ukipinda, mwamuzi anachanganyikiwa, wachezaji wanachanganyikiwa, mwisho wanagombana."

Ana miaka hamsini, au hamsini na miwili. Cheti chake cha ubatizo kinasema hivi na kaka yake anasema vile. Kazi hii ya kufyeka nyasi, kuchora mistari na kutunza mipira katika chuo kimoja cha ualimu wilayani Ngara ameifanya kwa miaka kumi na saba, na sasa analipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi. Kwa sababu ya mambo yanayosimuliwa hapa, wakuu wa chuo wameomba jina la chuo chao lisiandikwe.

Nyumbani kwake ni Kasulo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Ni Mhangaza, Mkatoliki, mjane mwenye shamba la migomba na maharage. Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa maelfu, Speciosa alikuwa anapalilia.

"Niliinua kichwa, barabara siioni. Watu tu," anakumbuka. "Nikaita majirani. Tukatoa maji, tukatoa ndizi. Siku ya tatu ndizi zikaisha, watu hawajaisha."

Ndani ya wiki mbili mikaratusi thelathini na minane aliyoipanda marehemu mumewe ilikatwa yote, ikawa kuni. Lakini mwaka huohuo jicho lake la kushoto, lililokuwa likimsumbua tangu usichana, lilitibiwa bila malipo kwenye hema la madaktari wa kambini.

"Sasa wewe niambie," anasema, akilishika jicho lenyewe. "Niwachukie kwa miti au niwapende kwa jicho? Kuna siku naamka na hili, kuna siku naamka na lile. Kuna siku yote mawili kabla sijanywa uji."

Mwaka jana, 1995, mwezi wa Septemba, kampeni zilipopamba moto, mgombea ubunge mmoja alifanya mkutano karibu na kwao. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, na watu walikwenda kusikia kila aliyekuja na kipaza sauti. Mgombea huyo alisema misitu imekwisha, visima vimekauka, na dawa yake ni moja tu: wageni wote warudi kwao, wa jana na wa juzi.

Speciosa alipiga makofi. Hafichi.

"Nilikumbuka mikaratusi yangu, nikapiga. Mikono hii hii. Nilisikia 'wa jana' tu, hilo la 'wa juzi' lilinipita. Nilipofika nyumbani, naosha masufuria, ndipo likarudi. Wa juzi ni nani? Nikakaa chini."

Wa juzi ni Nimpaye.

Nimpaye ana miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye mwendo wa taratibu usiolingana na kasi yake akiwa uwanjani. Wakati ule alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni hapo, na ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete. Mama yake, Iteka, alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Speciosa ndiye aliyemkuta kwenye njia ya kutoka mtoni, kwenye mpaka, ameegemea kichuguu, na kichanga kimefungwa kwenye kitenge chenye damu.

Aliwachukua mpaka kwao. Mama na mtoto walikaa nyumbani kwa wazazi wa Speciosa miezi minne, kisha wakapewa kipande cha shamba jirani. Nimpaye alibatizwa parokiani, na Speciosa akawa mama yake wa ubatizo. Iteka alifariki mwaka 1981, na tangu siku hiyo binti alikula na kulala kwa Speciosa mpaka alipokwenda sekondari.

"Watu wanasema alinilea," anasema Nimpaye. "Mimi sijui neno lingine. Ni mama."

Naye alikuwepo mkutanoni siku ile, amesimama nyuma kidogo na wenzake wa chuo.

"Nilimwona mama akipiga makofi," anasema. "Na mimi nikapiga. Wote walikuwa wanapiga. Ungekuwa mimi, ungeiacha mikono yako ikining'inia?"

Hawakuzungumza habari hiyo. Wiki mbili baadaye timu ilipanda lori kwenda Biharamulo kwenye mashindano ya vyuo, na Speciosa alikwenda nayo kama mtunza vifaa: mipira mitatu, sketi kumi na nne, ndoo ya maji na dawa ya kuchua.

Walicheza mechi nne wakashinda zote. Nimpaye peke yake alifunga magoli sabini na tatu. Mwalimu Desderius, aliyekuwa kocha wao, anasema hajaona mkono kama ule. "Alikuwa akiinua mpira, sisi tunaanza kurudi katikati," anasema. "Hatukuwa tunasubiri kuona kama umeingia."

Asubuhi ya fainali chuo pinzani kilipeleka pingamizi kwenye kamati ya mashindano. Barua ilikuwa ya mistari mitatu. Ilisema mfungaji wa Ngara si raia wa Tanzania, na kwamba kanuni hairuhusu.

Mwalimu Desderius alikimbia kwenye bweni walilofikia akarudi na cheti cha ubatizo. Mahali pa kuzaliwa: Kasulo. Alikiweka mezani kwa kishindo, akaamini mambo yamekwisha.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole aliyevaa koti la kijivu, alikisoma mara mbili. Kisha akauliza nani alimpa padri habari hizo.

"Mama yake wa ubatizo," alijibu Mwalimu. "Yupo hapa hapa, anakunja sketi."

Ndivyo Speciosa alivyoitwa kwenye darasa la kamati, mikono ikinuka dawa ya kuchua. Aliamkia, akaitikiwa, akapewa kiti.

"Mama," mwenyekiti alimwambia, "huyu binti alizaliwa wapi?"

"Kasulo," Speciosa alijibu upesi, kama alivyojibu kwa padri miaka ishirini na mitatu kabla.

"Ulimwona akizaliwa?"

Hapo, anasema, akaanza kujibu polepole.

"Nilimkuta amezaliwa, baba. Mama yake alikuwa ameegemea kichuguu."

"Kichuguu kiko upande wetu?"

"Kiko kwetu."

"Na alimzalia pale pale kwenye kichuguu, au alitembea naye?"

Dirishani wasichana wa timu walikuwa wamejazana. Nimpaye alikuwa mbele kabisa, amekwisha kuvaa sketi ya fainali. Mwalimu Desderius alikuwa akimkazia Speciosa macho kana kwamba anaweza kumsukumia jibu mdomoni.

"Sijui," alisema Speciosa.

Anasema alitaka kuongeza mengi. Kwamba Iteka hakuwahi kusema alizalia wapi, na yeye hakuwahi kumuuliza, maana kwa hali aliyomkuta nayo lisingekuwa swali la mtu mwenye akili. Kwamba kule mtoni hakuna uzio wala jiwe, kuna matete. Lakini karani alikuwa amekwisha kuandika neno moja, na mwenyekiti alikuwa anafunga faili.

Kamati iliamua Nimpaye asicheze fainali. Timu ikacheza bila yeye, ikafungwa kumi na tisa kwa kumi na saba. Muda wote alisimama nje ya mstari na ndoo ya maji, akiwanywesha wenzake. Katika lori la kurudi alikaa mbele na dereva, na Speciosa akakaa nyuma juu ya gunia la mipira. Barabara ni ndefu kutoka Biharamulo.

Chuoni maneno yakaanza. Wapishi wakamwambia Speciosa amemuuza mwanawe kwa neno moja, kwamba mzazi wa kweli angeapa hata mbele ya askofu. Mwalimu Desderius hakumsalimia kwa wiki nzima. Wengine wakampongeza, wakasema amesema kweli, sheria ni sheria.

"Hao walionipongeza ndio walionichanganya zaidi," anasema. "Wale wapishi walinitukana, sawa, nililia, yakaisha. Lakini huyu anakuja, ananishika mkono, ananiambia hongera, umetuondolea mgeni. Nikajiuliza, hivi ndivyo nilivyofanya? Mimi nilikuwa nasema sijui, yeye amesikia nini?"

Nimpaye alikaa mwezi mmoja na siku kadhaa bila kumwendea. Jumapili moja, baada ya misa, alimsubiri nje ya kanisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Waliongozana njia nzima ya migombani kabla binti hajasema lililomleta.

"Ungesema tu 'hapa', mama. Neno fupi."

"Ningesema hapa, wangeniambia niape."

"Si ungeapa."

"Kwa kitu ambacho sikukiona?"

"Padri ulimwambia."

Kwa padri, anasema Speciosa, alitaja Kasulo kwa sababu aliulizwa mtoto ni wa wapi, na mtoto alikuwa wa Kasulo, yupo mgongoni kwake, analia. Hakuona kama anaulizwa habari za mpaka. Sasa hajui kama alidanganya mwaka ule au alikosea mwaka jana. Kuna nyakati anaona alidanganya mara zote mbili, na nyakati nyingine anaona hakudanganya hata mara moja.

"Na yeye mwenyewe hajui mwaka aliozaliwa," alisema Nimpaye Jumapili iliyopita nyumbani Kasulo, akimtazama mama yake kwa jicho la utani lililochanganyika na kitu kingine. "Lakini hajawahi kuitwa na kamati."

Siku ya uchaguzi Speciosa alifika kituoni mapema. Kule kwao, ambako wengi hutamka r na l kama herufi moja, vijana walikuwa wakitaniana kwenye foleni kwamba wamekuja kula, wakiulizana sahani ziko wapi. Yeye hakucheka. Aliingia nyuma ya pazia akakaa na karatasi kwa muda mrefu, mpaka karani akamuuliza kama kalamu imeishiwa wino.

Alimpa nani? Anakataa kusema. Anachosema ni kwamba yule wa "jana na juzi" alikuwa na hoja ya kweli kuhusu misitu, na kwamba mpinzani wake alizungumzia haki za kila mtu vizuri sana lakini hakutaja kuni hata mara moja.

"Ningeweza kuwachanganya wawili nikapata mbunge mmoja, ningepiga kura kwa raha."

Nimpaye alimaliza chuo Mei mwaka huu kwa daraja la pili. Wenzake wamepangiwa vituo. Yeye hajapangiwa, kwa kuwa pingamizi la Biharamulo liliacha swali kwenye faili lake, na swali hilo limepelekwa kwenye ofisi inayoshughulikia uraia. Kwa sasa anafundisha kwa kujitolea katika shule moja ya msingi kata ya Nyamigogo, ambako wazazi humpa maharage na mahindi. Anawafundisha darasa la tatu hesabu, na jioni anawafundisha wasichana mpira wa pete.

Speciosa ndiye aliyekwenda ofisini mwenyewe mwezi wa Julai, bila kuitwa, akaomba aandikiwe maelezo. Kijana wa mapokezi alimuuliza anashuhudia nini.

"Nilimwambia aandike niliyoyaona, na asiandike nisiyoyaona. Aandike kichuguu. Aandike kitenge. Aandike kitovu kilichokuwa hakijakatwa vizuri, nikakifunga mimi. Aandike homa ya mwaka wa themanini na mbili nilipombeba mpaka zahanati. Ameandika kurasa tatu. Mwisho akaniuliza, mama, kwa hiyo ni raia au si raia? Nikamwambia hilo ni la kwenu, mimi nimeleta mtoto."

Wiki iliyopita barua ilikuja. Wote wawili wanatakiwa ofisini Alhamisi, saa mbili asubuhi. Haisemi kwa jema au kwa baya. Mwalimu Desderius, ambaye sasa anamsalimia, ameisoma mara nne akitafuta neno la kutia moyo, hakulipata. Nimpaye atakuja kwa lori la mahindi Jumatano na kulala Kasulo.

Je, Speciosa anatarajia nini? Anatua kopo lake, anakaa kwenye nyasi, ananyoosha miguu.

"Natamani wampe kituo. Hata mbali. Na natamani mtu anipe mikaratusi mingine nipande. Watu wanaona haya hayawezi kukaa kichwa kimoja, lakini changu ndicho hiki, sina kingine." Anamgeukia mwandishi. "Wewe umesoma. Wangekuuliza wewe Alhamisi, 'huyu ni wa wapi,' ungejibuje?"

Mwandishi anakiri kwamba hajui.

"Basi," anasema Speciosa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Tutakuwa wengi. Mimi nitaingia, nitamshika mkono, nitakaa naye kwenye benchi. Wakisema aondoke, watuambie sote wawili tunaondoka kwenda wapi."