Kufeli Hakukuzaliwa Mgeta

Nakumbuka siku niliyoshuka kwenye gari kule Mgeta, macho chini, matokeo yangu ya kidato cha pili yakiwa yametangulia kufika kwa mdomo wa mama mdogo. Nilikuwa nimefeli. Sikiliza, mwanangu, maana tangu jana natamani kumrushia mtu sufuria. Jirani kakuita "yule aliyefeli" mbele ya wenzako hapa Kilakala, nawe unasema Jumatatu huendi kurudia darasa la nne. Utaenda. Ila kwanza nikueleze.

Nilikuta uani kumejaa wanawake. Bibi yangu mzaa mama akapiga kigelegele kama anatoa mwali nje.

"Mama, huyu kafeli!" mama mdogo akang'aka.

"Kufeli ndiyo nini?"

"Kashindwa!"

"Kashindwa na nani? Si ungemleta huyo aliyemshinda, tumwone!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Tukala wali kwa kuku, nikacheza ngoma machozi hayajakauka.

Kesho yake tukaenda shambani. Mvua ilikuwa imeporomosha ngazi nzima ya kabichi iliyochimbwa mteremkoni. Bibi akanipa jembe. "Udongo umeshuka, tunaupandisha. Umemsikia nani hapa akilitukana shamba?"

Nikarudia darasa. Siku moja nikalitafuta neno lenyewe kwenye kamusi kubwa ya shule. Ni kitenzi cha Waingereza, fail, walichokipata kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, ambako kilimaanisha kudanganya. Kudanganya! Nilicheka, maktaba nzima ikanigeukia. Na wenye lugha yao hawakukiweka kwa watoto tu. Mvua isiponyesha, wanakitumia. Breki zisiposhika, hichohicho. Sasa niambie, basi likifeli breki pale Msamvu, linachapwa fimbo au anaitwa fundi?

Basi ndiyo nasaha yangu, na sina nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtihani umekwambia kweli moja, kwamba hesabu za sehemu bado hujaziweza, na hizo tutakaa nazo hapa mezani mimi na wewe. Anayekwambia wewe mwenyewe ndiye mbovu, huyo muongo, hata akiwa jirani. Shikamoo yake mpe, ni mkubwa. Maneno yake mwachie.

Mungu akupe mgongo wa bibi yangu, mwanangu, udongo ukishuka uupandishe ukiimba. Na Jumatatu ukitoka na begi lako, kigelegele nitakachopiga mlangoni, huyo jirani atadhani tuna harusi.