Mama Msasa

Kwa miaka kumi na minne wasikilizaji walimwita Mama Asali. Kila asubuhi saa moja alifungua ibada katika redio ndogo ya Wakristo, chumba kimoja nyuma ya kanisa, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Aliingia pale kama mfagiaji. Siku moja mtangazaji hakutokea, akasoma yeye zaburi, na fagio likapata mshikaji mwingine.

Kisha akaota uvimbe shingoni. Madaktari waliutoa wote, ila mshipa wa sauti ukaguswa. Alipofungua kinywa wodini kuomba maji, ilitoka sauti ya bawaba zilizoshika kutu. Mumewe, fundi seremala, alicheka kabla hajajizuia.

"Samahani, mke wangu. Nilidhani ni randa yangu."

Naye akacheka, japo kidonda kilimuuma.

Miezi mitatu baadaye alirudi redioni. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa kanisa, alizungukazunguka maneno weee, mwisho akasema, "Mwanangu, Jumapili utasimama mbele ya madhabahu, tukuwekee mikono. Mungu akikurudishia sauti, kiti chako kipo."

"Na asiponirudishia?"

"Kuna kanda za kupanga stoo. Huduma ni huduma."

"Mzee, mimi nimeshapona. Uvimbe umetoka, watoto wangu wana mama. Hii unayoisikia ndiyo sauti ya mtu aliyepona. Nikienda kuombewa, nitakuwa namwambia Mungu kazi yake haijaniridhisha."

"Usikufuru!"

"Sikufuru. Nashukuru."

Nyumbani, mama yake mzazi alimgeuka. "Nenda tu ukaombewe, utapungukiwa nini? Wewe na kiburi chako!" Neno hilo lilimchoma. Alikata vitunguu vingi kuliko mboga ilivyohitaji, ili machozi yapate kisingizio, akamuuliza Mungu kama kweli ana kiburi. Sufuria ikafurika, akaikimbilia.

Jumapili hakusimama madhabahuni. Jumatatu saa moja kasorobo alikuwa studio. Fundi mitambo, binti mpole, alishika swichi akisita.

"Dada, sijaambiwa kama unarudi."

"Umeambiwa usinifungulie?"

"Hapana."

"Basi fungua."

Akasogelea maikrofoni. "Bwana asifiwe. Ni mimi. Mlionizoea Mama Asali, asali imekwisha mzingani. Anayeikimbia sauti hii apunguze redio, asizime."

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume: "Mtoeni huyo anayesaga kokoto!"

"Kokoto ndizo zinazojenga nyumba, baba. Ubarikiwe."

Wa pili akauliza kama Mama Asali sasa amekuwa Mama Msasa, na jina likaganda hapo hapo. Wa tatu alikuwa mwanamke, akinong'ona. "Nilikatwa titi. Tangu hapo sijatoka nje. Leo nimetoka, nimeazima simu kwa jirani nikupigie." Mama Msasa akamwomba kesho atoke tena. Muda wa wimbo ulipita, na fundi mitambo hakuthubutu kuuweka.

Bodi ilimwita siku hiyo hiyo. Ibada ya asubuhi akanyang'anywa, akapewa saa nane mchana, saa ambayo waliamini watu wote wamelala. Aliipokea saa, madhabahu akaikataa. Saa hiyo akaifanya ya wagonjwa na wanaowauguza, na simu zikawa hazikatiki. Mumewe akaweka redio kwenye karakana, akawaambia wateja, "Mimi msasa ndio unaonilisha. Kaeni msikilize."

Mama yake hakuwahi kukiri kosa. Ila ikifika saa nane huwafukuza wajukuu sebuleni, anadai kichwa kinamgonga, na kupitia mlangoni wanaisikia redio.

Kwaya ya kanisa, alikokuwa akiimba, nayo haikujua sasa impange wapi. Soprano walimtazama kwa huruma, alto wakabanana asipate nafasi. Akapita katikati yao na daftari lake la nyimbo, akaenda kusimama mstari wa nyuma, kati ya wanaume wa besi.

"Sogeeni, kaka zangu," alisema. "Tuanze."