Siku Shangazi Alipokalia Kifaru cha Mjapani

Shangazi yangu alikalia kifaru, na aliyeumia ni kifaru.

Tulieni kwanza. Nasema kifaru cha vita, kile chenye minyororo na mzinga. Tena cha karatasi. Lakini kilio kilichofuata kilikuwa cha kweli kabisa, na mimi ndiye niliyekiongoza.

Nianze mwanzo, maana nawajua. Mkikosa mwanzo mnaanza kuulizana kwenye komenti.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha mbele ndiyo karakana, ndiyo sebule, ndiyo bunge. Mwenye gauni la kupunguza anakuja, mwenye umbea wa kuongeza anakuja. Nyumba ikikaa bila watu naumwa kichwa.

Humo humo tulikuwa tunaishi na mdogo wa mume wangu. Tunamwita Kimya. Huyo shemeji yangu unaweza kushinda naye kutwa usisikie zaidi ya "asante" na "nipishe kidogo." Maneno ya kumpata mchumba sijui aliyatoa wapi, lakini alimpata. Binti mcheshi, akicheka na wewe unacheka hata kama hujui kisa.

Shida ilikuwa baba wa binti.

Mzee huyo mtaa mzima unamwita Kanali. Masharubu yamenyooka, viatu vinang'aa unaweza kujitazama humo, akikusalimia unajikuta umebana mikono ubavuni. Ana kabati la kioo limejaa vifaru vya karatasi alivyounda mwenyewe, kila jeshi na chake.

Posa ilipofika, akamwambia shemeji:

"Maneno matamu kila mtu anayo. Kabati langu limekosa Chi-Ha, kifaru cha Wajapani cha wakati ule wa vita kuu. Niundie kwa mikono yako. Nikikiona, ndipo tutaongea habari ya binti yangu."

Jamani! Wenzake huulizwa wanafanya kazi gani.

Kimya hakubisha. Akatafuta michoro mtandaoni, akaichapisha kwenye karatasi ngumu, seti moja ya kazi na nyingine ya akiba. Meza yangu ya chakula ikageuka kiwanda cha silaha. Vipande vidogo kama kucha ya mtoto! Kila pingili ya mnyororo anaishika kwa kibanio cha nyusi. Cha kwangu, nilichokuwa nakitafuta nyumba nzima. Ukipiga chafya anakutazama kama umeua mtu.

Baada ya miezi kadhaa, kikakamilika.

Kilikuwa kizuri, siwafichi. Kijani na kahawia, na michirizi ya njano. Juu, kuzunguka kile kibanda cha mzinga, kuna kibomba chembamba kama reli.

Jirani yangu Mama Redio, na jina hilo hakupewa bure, akainama kukiangalia.

"Na hii ya juu ni ya nini, baba?"

"Antena," Kimya akajibu.

"Ahaa. Nilidhani ni kamba ya kuanikia nguo. Nikasema Wajapani wasafi, hata vitani wanafua."

Kimya akatoka nje kupunga upepo.

Zikiwa zimebaki siku chache kwenda kwa Kanali, kazini wakamtuma safari. Akaniita pembeni.

"Shemeji, kitunze. Nikishuka kwenye basi tunapitiliza moja kwa moja kwa mzee. Hapa sina pa kwenda tena, ni huyu au sioi."

Tangu niolewe kwenye familia ile, sijawahi kusikia anasema maneno mengi hivyo. Nikakifunika kwa kitambaa safi, nikakiweka kwenye kiti cha kona, kile ambacho hakikaliwi kwa sababu mguu wake mmoja unacheza.

Siku ya kuamkia safari yetu, Shangazi akaja kujaribu gauni lake.

Shangazi ni mwanamke aliyejaa, na anajivunia. Siku hiyo nyumba ilifurika, hakuna kiti. Akatupa macho kwenye kona.

"Afadhali, kumbe kuna mto."

Akakaa.

Krrrap!

Shangazi akajisogeza kidogo. Krap, krap.

"We mtoto," akaniuliza, "mto gani huu una mifupa?"

Nilipiga yowe hadi mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani. Tulipomnyanyua Shangazi, Chi-Ha ilikuwa imekuwa chapati. Mzinga umenasa kwenye gauni lake kama bruchi.

"Mungu wangu," Mama Redio akashika kifua. "Na mimi nilishatangaza harusi!"

Shangazi machozi yakamtoka. "Mwanangu, nimevunja ndoa ya mtoto wa watu kwa makalio."

Ndipo nikakumbuka ile seti ya akiba.

Nikaitandika mezani. Nikaiangalia. Mistari ya kukata, mistari ya nukta, vipande vina namba. Moyo ukatulia.

"Jamani, kwani hii si paterni? Gauni si linaanza na karatasi hivi hivi? Lete mkasi!"

Basi tukajipanga. Maelezo yalikuwa kwa Kijapani, hayakutushughulisha. Mstari mzima ni wa mkasi, mstari wa nukta ni wa cherehani. Hilo kila fundi analijua. Na kama fundi yeyote aliyefundishwa kwa kupigwa rula vidoleni, sikukata juu ya mstari. Nilikata nje yake, upana wa kidole, kila kipande, pande zote.

Nafasi ya mshono. Huwezi kushona bila nafasi ya mshono.

Cherehani ikaunguruma. Magurudumu madogo Mama Redio aliyafagia akidhani ni takataka, tukaweka vifungo vya koti. Mzinga ukawa unainama kama mtu mwenye usingizi, nikautia kitambaa kigumu cha kola. Antena tukasokota uzi wa kufumia.

Jioni tukasogea nyuma kutazama.

"Kimenenepa," akasema Mama Redio.

"Sio kunenepa," nikamjibu. "Kimekaa vizuri mwilini."

"Kinaonekana kama kimejifungua juzi."

Shangazi akakitetea. "Mwacheni. Angalau yeye akikaliwa hatavunjika."

Nikakitia kwenye boksi, nikafunga utepe mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kesho yake Kimya alipofika, neno lake la kwanza, "Kipo?"

"Kipo, shemeji. Usifungue tu, utaharibu utepe."

Uongo uko wapi hapo?

Kwa Kanali tukaketi, mimi, mume wangu, Shangazi, Kimya, na Mama Redio ambaye hatukumwalika. Binti alikuwa mlangoni, anauma kidole. Mzee akakata utepe, akafungua boksi, akakitoa.

Nilimtazama Kimya. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefungua mlango wa kwake akakuta familia nyingine inakula.

Kanali akavaa miwani. Akakigeuza. Akapitisha kucha kwenye ubavu wa kifaru, taratibu.

"Kijana. Hiki umeunda wewe?"

Kimya akanitazama. Nikatazama dari. Akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anakagua viatu vyake.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ni mimi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Vizuri. Basi niambie, nafasi ya mshono umeacha kiasi gani?"

"Nafasi ya... nini, mzee?"

Hapo Shangazi akasimama, mikono juu kama aliyekamatwa.

"Basi, baba, basi! Ni mimi nilikikalia! Kilikuwa kizuri ajabu, bahati mbaya kikakutana na mimi. Huyu kijana alikuta boksi limefungwa!"

"Na kushona nimeshona mimi," nikasema.

Mabega ya Kanali yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Kumbe anacheka! Alicheka hadi masharubu yakapoteza mstari. Akaingia ndani, akarudi na kifaru cha zamani kimepauka, kinene, mbavu zimetanuka, kimeshonwa kwa uzi wa kaki.

"Changu cha kwanza," akasema. "Nilikata nje ya mstari, kila kipande, kumbe nafasi ilikuwa imo tayari."

Nikakichukua. Kona zimegeuzwa safi, mshono umenyooka kama mfereji. Macho ya fundi hayadanganyiki.

"Mzee... hii si kazi ya mwanajeshi. Huu ni mkono wa fundi."

Akakohoa. Binti akadakia pale mlangoni, "Baba, si uwaambie tu?"

"Nilishona sare kambini," akasema polepole. "Bunduki sijawahi kuishika. Nilipunguza suruali za makanali. Watu wakaanza kuniita hivyo, nikaona jina halinikai vibaya."

Shangazi akashika mdomo. Mama Redio akaanza kutafuta simu kwenye pochi. Nikamkanyaga mguu.

Kanali akamgeukia Kimya.

"Kituko kimetoka kwenye boksi lako mbele ya mkwe, na bado hukumtaja mtu wa kwenu. Uongo hujui kabisa, nimeona. Ila binti yangu akikaa kwako hatatangazwa mtaani. Mchukue. Lakini Chi-Ha yangu bado naitaka. Utakuja kuiunda hapa, mezani kwangu, tuwe wawili."

Binti akaangua kicheko, sote tukacheka bila kujua kisa.

Sasa hivi Chi-Ha halisi wanakaribia kumaliza. Kile kinene kiko kwenye kabati, mbele ya vyote. Na siku ya harusi, Shangazi alipofika, Kanali mwenyewe aliinua mto, akachungulia chini yake, ndipo akamkaribisha kiti.

Funzo: kabla hujakata, uliza kama nafasi ya mshono imo. Kabla hujakaa, inua kitambaa. Na ukiwa na nyumba ya watu kama yangu, kitu chako cha thamani kiweke juu ya kabati.

Ile habari ya sare, mzee alinisihi sana nisimwambie mtu.

Nimewaambia ninyi tu.