Duara la kijani kwenye picha zangu za nyota, na mama aliyelisalimia

Wakuu, habari za jioni. Naleta kisa cha nyumbani kwetu Nyamigogo, Biharamulo. Chumvi sijaongeza, tena kuna sehemu nimepunguza kwa sababu mama bado yupo.

Mimi ni fundi simu pale Lusahunga, malori yanapopumzika. Nilijinunulia simu yenye kamera nzuri, ile yenye night mode ya kupigia gizani. Nikirudi nyumbani naiegemeza kwenye kigoda uani, napiga nyota. Kwetu hakuna taa za mji, anga liko wazi mpaka unaona uvivu kuingia ndani.

Kwa wageni wa mambo haya, picha za nyota zina vituko vyake.

Ukiona mstari wa nukta nukta, hiyo ni ndege imepita inawasha na kuzima taa zake. Vidoti vyekundu, sensa ya kamera imepata joto. Nyota zikivutika kama zimeburuzwa, ni dunia inazunguka huku kamera bado inakusanya mwanga. Hayo nilishayazoea.

Sasa picha moja ikatoka na duara dogo la kijani, linaelea juu ya bonde letu. Nikamwonyesha mama nikitegemea acheke.

Hakucheka.

Hapa inabidi mjue kitu. Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe wachache. Baba alifariki kabla hatujahama, akazikwa kule. Huku hajawahi kukanyaga. Na hilo ndilo lililomkaa mama rohoni, kwamba mume wake hapajui anapoishi.

Matofali yalishachomwa, bati zipo, lakini kila tukimwomba aonyeshe pa kujenga anasema tusubiri. Kwetu hujengi tu popote. Mkubwa wa kaya ndiye anaonyesha mahali, na mlango utazame wapi. Mkubwa amebaki yeye, na yeye alikuwa anamsubiri mwenzie.

Akaishika simu kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Mwadila, baba Masanja."

Hiyo ni salamu yetu ya jioni. Masanja ni mimi.

Tangu hapo kila jioni ananiambia nipige. Duara linatokea, palepale. Mama akaanza kula vizuri, akaanza kuimba akikamua. Mimi nilijua ni nini, nikanyamaza. Wakuu, niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nalitazama lile duara kuliko nyota. Nimemkumbuka baba sana. Alikuwa akikaribia uani anakohoa kwanza, ili watoto tuache upuuzi kabla hajaingia. Nakikumbuka hata kile kikohozi.

Kisha mama akaonyesha pa kujenga. Bondeni, chini ya ule mwanga.

Bonde lile masika linajaa maji, ng'ombe wanazama mpaka magoti. Na fundi tulishampa siku ya kuanza. Sikuwa na ujanja tena.

Jioni nikamkalisha nikamweleza. Taa yetu ya sola ya mlangoni inaingia kwenye kona ya picha. Mwanga wake unagonga vioo vya ndani ya kamera, unarudi, unajichora upande wa pili. Wapiga picha wanaita lens flare. Taa ikiwa chini kushoto, duara litakaa juu kulia.

Nikageuza simu kidogo, duara likahamia juu ya zizi. Nikaifunika taa kwa ndoo, nikapiga tena.

Nyota tupu.

Mama aliitazama ile picha muda mrefu. Nilitamani kumwambia nimekosea.

"Kwa hiyo hajafika," akasema.

"Hajafika, mama."

"Na hiyo taa, inaonekana mbali?"

Nikamwambia inaonekana mpaka barabarani, hata mimi nikichelewa ndiyo inayonionyesha njia.

"Basi toa hiyo ndoo. Asije akapita."

Nikaitoa. Nikajifanya nakwenda kuangalia ndama.

Kesho yake akaonyesha pengine, juu kwenye mwinuko, mlango utazame upande wa Shinyanga. Nyumba imeisha sasa. Taa haizimwi, betri ilikuwa inaisha kabla ya alfajiri nikaongeza nyingine. Majirani wanatutania kwamba tunafuga wadudu.

Nilichojifunza ni kwamba kueleza picha ni rahisi, dakika mbili umemaliza. Ila kabla hujamweleza mtu, jua kwanza alikuwa anamtafuta nani humo ndani.

Wenye picha zenye vituko wekeni hapa, nitajibu ninavyojua. Na kama kuna mwenzangu alihama akaacha kaburi nyuma, aniambie yeye anafanyaje ikifika jioni.