Boksi Mbele ya Rejeta

Wifi yangu Hilaria Ticona anaendesha Noah ya abiria kati ya Ceja, huku juu mlimani, na La Paz kule bondeni. Ukikuta dereva mwanamke mwenye sketi za marinda, kofia yake kaivua na kuiweka kwenye dashibodi ili isigonge dari, basi umepanda gari lake. Gari lenyewe lilitoka Japani usukani ukiwa kulia. Mafundi wakauhamishia kushoto, na pale ulipokuwa wakaacha tundu, wakaliziba kwa kipande cha plastiki kibovu. Hilaria kabandika hapo picha ya mumewe. Mumewe ni mdogo wangu, Plácido, na yuko São Paulo, Brazili, anashona suruali.

Mimi ni Zenobia. Nauza api, kinywaji cha moto cha mahindi, na pasteli za jibini palepale Ceja magari yanapogeuzia, kwa hiyo mambo ya ndoa ile nimeyaona yote, mengine bila kutaka.

Plácido aliondoka kwa mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu, dada," aliniambia, akiwa kabeba begi lenye zipu mbovu. Mwaka ukaisha, ukaja wa pili, na sasa ni wa nne. Sisemi kwamba ni mume mbaya. Hanywi, hana mwanamke mwingine, na hilo nimelichunguza kwa watu watatu wanaoshona naye chumba kimoja. Tatizo lake ni mdomo mzito. Mpe injini aizungumzie, mtakesha. Mwulize moyo wake unasemaje, atakuuliza kama umebadilisha oili. Kila Jumapili alikuwa akimpigia mkewe: habari za huko, baridi ikoje, gari linasemaje, haya kwaheri. Hilaria alibaki kaishika simu kama mtu aliyepewa sahani tupu.

Halafu kikaja kile kidude. Jirani mmoja aliyerudi nyumbani kwa sikukuu ya wafu alikileta mfukoni kutoka kwa Plácido, kidogo kama kiberiti. Kinachomekwa chini ya usukani, pale pale mafundi wanapochomeka kompyuta zao kusoma gari linaumwa nini. Hiki kina laini yake ya simu ndani. Kila linachofanya gari, Plácido anakiona kule kule Brazili kwenye simu yake: mwendo, mzunguko wa injini, nguvu ya betri, joto la maji, mpaka alama za dereva anavyofunga breki. Kitu kikipita kipimo, simu yake inawaka nyekundu na kulia.

"Kakuwekea polisi," nilimwambia Hilaria.

"Polisi gani, wifi? Anajali gari lake."

"Ndiyo ninachosema. Gari lake."

Alikichomeka mwenyewe, akainama kukitazama kikipepesa taa ya kijani, na nikaona kabisa alivyokuwa akitabasamu. Nilimkasirikia mdogo wangu siku ile. Mwanamke anakaa miaka anasubiri, unamtumia taa.

Sasa, kwetu huku juu asubuhi ni barafu. Dereva yeyote wa Ceja akiwasha gari alfajiri huchomeka kipande cha boksi mbele ya rejeta, ili upepo usipige na injini ipate moto upesi. Jua likichomoza analitoa. Hilo halihitaji shule. Anayelisahau boksi na kupanda nalo mlima kutoka La Paz saa sita mchana, abiria wamejaa hadi mlangoni, huyo anaipika injini yake.

Na Hilaria akalisahau. Nilikuwa nakaanga pasteli alipofika, mvuke ukitoka kwenye boneti, abiria wanashuka wakinung'unika. Kabla hajatia mguu chini, simu yake ikalia. Plácido. Siku ya kazi, mchana! Alikuwa katoroka cherehani, kajifungia chooni, ndiyo maana alikuwa akifoka kwa sauti ya chini.

"Joto limepita mia na tano! Unafanya nini wewe?"

"Naendesha."

"Zima injini. Umezima? Usifungue kifuniko cha rejeta, sikia, usikiguse, utaungua. Kaa pembeni. Usisimame mbele ya boneti."

Alimweka kwenye simu mpaka mvuke ukatulia. Walizungumza kuliko Jumapili tatu zikijumlishwa. Hilaria alipokata simu, mashavu yake yalikuwa mekundu, na si kwa baridi.

"Umesikia, wifi? Kasema nitaungua."

"Kasema rejeta."

"Kasema *utaungua*. Rejeta haiungui."

Wiki iliyofuata boksi likasahaulika tena. Na tena. Mimi si mjinga. Siku moja alipofika na mvuke wake, niliacha karai langu motoni, nikafungua boneti kwa kitambaa, nikalichomoa lile boksi, limekauka limekuwa kama biskuti. Nikamwonyesha.

"Jua lote hili, hiki cha nini?"

"Nimesahau."

"Mwenzangu, sahau mara moja. Mara nne huo ni mpango."

Akaangalia upande wa picha iliyoziba tundu. Akasema kwa sauti ndogo sana, yeye ambaye huwatukana madereva wenzake kutoka ng'ambo ya barabara: "Kisipoonyesha nyekundu, hapigi."

Nikakaa kwenye kibao changu. Nilimwonea huruma. Lakini hasira ikarudi, afadhali.

"Utaiua injini, Hilaria. Ukiiua, utaendesha nini? Na yeye atafanyaje? Atabaki kule miaka mingine akishona ya kununulia gari jipya. Unamwita kwa kitu kitakachomzuia asije."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, wifi. Kila nikipanda mlima nasema leo nitalitoa. Halafu nafika pale kwenye kona ya mwisho, naona mshale wa joto unapanda, nasema, sasa hivi atapiga." Alijifuta pua kwa ncha ya shali. "Ananiambia nikae pembeni. Ananiambia nisishike. Nani mwingine ananiambia hivyo?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi namwambia kila siku. Nikaona si jibu.

Mwezi wa kwanza, kwenye soko la vitu vidogo, kila mtu alinunua kile anachotaka mwaka umpe: vijumba vya plasta, vigari, vinoti vya kuchezea, kila kimoja ukubwa wa kidole. Hilaria alinunua tiketi ya basi ya São Paulo kuja La Paz, ndogo kama ukucha. Akaifukizia ubani, akaimwagia kilevi na maua, akaichomeka nyuma ya picha ya Plácido. Hakuniambia. Niliiona nilipokuwa nafuta vumbi.

Ikafika Jumanne ya kanivali. Siku hiyo hakuna kazi Ceja. Kila kilicho chako unakitambikia: nyumba, duka, karai la kukaangia, gari. Unavipamba kwa maua na karatasi za rangi, unammwagia Mama Ardhi sehemu yake, na kilichokulisha mwaka mzima kinanyweshwa nacho. Hilaria aliiosha Noah mpaka ikang'aa. Akafunga riboni kwenye vioo. Akamwaga bia gurudumu moja moja, akanyunyiza kilevi kwenye kona za injini, tukawasha fataki, mbwa wa mtaa mzima wakakimbia. Mimi nilikuwa nimeshakunywa vya kutosha na nilikuwa naimba.

Nikamwona kaingia upande wa usukani, kapiga magoti, chupa mkononi. Nikadhani anatambikia pedali.

"Na wewe," nikamsikia anasema. "Wewe ndiye unayemleta."

Akakimwagia kile kidude chupa nzima. Hakuwa mtu wa kufanya uchoyo. Magurudumu yalipata kikombe kikombe, kidude kikapata chupa. Taa ya kijani ikawaka sana, ikageuka njano, kikatoa sauti kama panya, kikazima.

Alikikausha kwa shali. Alikiweka juani. Alikichomeka tena, akakitoa, akakipuliza. Kimya. Fataki za majirani zikiendelea, yeye kakaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje, kidude kiganjani kinanuka bia.

"Basi," alisema. "Sasa sina cha kumfanya apige."

Nilimwambia Jumapili si mbali. Akanitazama, na nikatamani ningenyamaza.

Jumatano hakupigiwa simu. Alhamisi asubuhi alirudi kazini. Boksi alilitoa mapema kabla jua halijapanda, akanipa, "Washia moto, hili silihitaji tena." Akaketi kwenye benchi langu na kikombe cha api, akala pasteli mbili, akitazama magari.

Simu ikalia. Simu yangu. Plácido hajawahi kunipigia siku ya kazi tangu mama yetu azikwe.

"Dada," akasema, anahema.

"We, nini? Unaumwa?"

"Niambie ukweli. Usinifiche. Ni mzima?"

"Nani?"

"Hilaria! Jumanne mchana kila kitu kimekatika. Joto, mwendo, vyote mara moja. Gari haliwezi kukatika vile, dada, labda limegongwa. Kanivali, watu wamelewa..." Alikuwa akilia, mdogo wangu, chooni kwa watu. "Siku mbili sijashona kitu. Nimeshindwa kumpigia. Nikipiga asipopokea, nitafanya nini huku?"

Hilaria alikuwa ameshasogea. Nikamwashiria atulie, nikabonyeza spika.

"Kwa hiyo wasiwasi wako gari," nilimwambia, kwa makusudi, nami siombi radhi.

"Gari lipasuke! Dada, hujui. Kila asubuhi kabla sijaanza kazi naweka simu pembeni ya cherehani. Naiangalia inasema injini baridi. Halafu joto linaanza kupanda kidogo kidogo, ishirini, thelathini. Najua ameamka. Najua kakaa ndani anapasha mikono, huwa anaipasha kwenye ule upepo wa moto wa kulia, wa kushoto ulikufa. Ikifika sabini najua anaondoka. Basi na mimi naanza kushona. Jana na leo hakijapanda kitu. Niambie tu."

Sikuweza kumcheka. Miaka yote ile nilidhani kaoa gari.

"Kidude chako kimelewa," nikamwambia. "Mkeo kakinywesha bia, kakitambikia kuliko gari zima. Gari zima, mke mzima. Huyu hapa."

Nikampa simu. Akaipokea, na mimi nikajifanya nachochea jiko, kwa sababu si kila kitu cha kutazamwa. Nilimsubiri Plácido aulize. Betri. Maji. Mshale umeishia wapi.

"Hilaria," akasema. Jina peke yake. Halafu: "Umekula?"

Makombo ya pasteli zangu mbili yalikuwa bado kwenye shali yake. Alinitazama, akayakung'uta taratibu kwa mkono mmoja.

"Bado," akamjibu.

Basi mdogo wangu akaanza kufoka, hata spika ilipozimwa nilimsikia: kwamba baridi ya huko haichezewi, kwamba mtu haendeshi gari na tumbo tupu, kwamba amwambie Zenobia ampe chakula sasa hivi, cha moto, na asiondoke mpaka amalize. Hilaria kafumba macho, simu kaibana shavuni kwa mikono yote miwili, anagombezwa.

Nikatia pasteli nyingine kwenye mafuta.